Kanazi na picha ya mtoto aliye tumboni

Ukipanda hiace pale stendi ya Bukoba ukashika njia ya kuelekea Muleba, saa moja haiishi kabla hujafika Kanazi. Wazee wanaikumbuka Kanazi kama makao ya Omukama Kahigi wa Kianja, yule aliyepatana na Wajerumani kiasi cha kuwaudhi watawala wenzake. Leo utakuta migomba, mibuni, soko, na vijana wa bodaboda wanaogombea abiria kabla hata gari halijasimama.

Nilikuwa nakwenda huko mwaka juzi, kwenye matanga. Katika hiace nilikaa karibu na mama mmoja kijana, mjamzito, aliyefuatana na bibi yake. Walikuwa wanatoka mjini kurudi nyumbani. Yule mama alikuwa ameshika bahasha ya kaki kwa mikono miwili, namna mtu anavyoshika sahani ya moto. Kondakta alipotaja jina langu kwa utani, kwamba leo amembeba mtu wa redio, bibi akanigeukia.

"Waitu, wewe wa redioni unajua Kiingereza cha madaktari. Hebu tusomee."

Nilisoma. Mimi si mganga, lakini maneno yalikuwa wazi. Picha ya utrasaundi ilionyesha maji mengi kuliko kawaida ndani ya kichwa cha mtoto, na kulikuwa na shaka juu ya uti wa mgongo sehemu ya chini. Mimba ilikuwa ya miezi 7. Chini kabisa iliandikwa kwamba mgonjwa aende hospitali kubwa zaidi. Hospitali ipi, haikuandikwa. Kwenda lini na kumwona nani, haikuandikwa.

Niliwaeleza kwa upole kadiri nilivyoweza. Yule mama hakusema neno. Bibi ndiye aliyeuliza, tena kwa sauti ya chini: "Sasa wametuonyesha. Wametuonyesha ili tufanye nini?"

Msikilizaji, swali hilo lilinifuata matangani na likanirudisha mjini. Wiki hii nataka tulitazame, na njia pekee ninayoijua ya kulitazama ni kuanza na historia ya chombo chenyewe: kilitoka wapi, nani alikitaka, na kilipofika kwetu kilifika pamoja na nini.

Watu wetu husema "kupiga picha", lakini utrasaundi haipigi picha. Inapiga kelele na kusikiliza. Kile kidude ambacho mhudumu hukipitisha juu ya tumbo lililopakwa majimaji ya kuteleza hutoa sauti yenye mitikisiko mamilioni kadhaa kwa sekunde moja, sauti ambayo sikio la binadamu haliwezi kuisikia. Sauti hiyo ikipenya hugonga maji, nyama na mfupa, na kila inapotoka katika kitu kimoja kuingia kingine sehemu yake hurudi kama mwangwi. Mashine hupima mwangwi umechukua muda gani kurudi, kisha huchora. Ndiyo maana haina mionzi kama ile ya eksirei, na ndiyo maana mama mjamzito hupimwa nayo bila hofu.

Mbinu hiyo ilianzia baharini. Meli ya Titanic ilipozama mwezi Aprili 1912, haukupita mwezi mmoja kabla Mwingereza Lewis Richardson hajaomba hati ya uvumbuzi wa kugundua vitu majini kwa mwangwi. Vita Kuu ya Kwanza ikaja, na Mfaransa Paul Langevin akatumia mawe ya kwatzi kutoa sauti ya kutafutia nyambizi. Sisi wa Kagera, ambao mwezi Mei 1996 tulipoteza mamia ya ndugu zetu katika MV Bukoba, hatuhitaji kuelezwa jinsi ajali ya meli inavyowafanya watu wabaki kuyatazama maji na kujiuliza kuna nini chini yake. Na tangu mwaka 1999 watafiti wa uvuvi wamekuwa wakipita katika ziwa letu na vyombo vya mwangwi, wakikadiria wingi wa sangara. Kwa hiyo chombo kinachohesabu samaki ziwani na kile kinachotazama mtoto tumboni ni watoto wa baba mmoja.

Aliyekiingiza chumba cha wazazi ni daktari wa Kiskoti kwa ukoo, Ian Donald, aliyezaliwa mwaka 1910 na kupata sehemu ya masomo yake Cape Town. Katika Vita Kuu ya Pili alitumikia jeshi la anga la Uingereza, akazoea habari za rada na vyombo vya mwangwi. Mwaka 1954 akawa profesa wa ukunga katika Chuo Kikuu cha Glasgow. Glasgow wakati ule ulikuwa mji wa kuunda meli na matanki ya mvuke, na viwanda vyake vilikuwa na mashine za kupima chuma kwa mwangwi ili kuona kama kina ufa ndani. Donald akajiuliza: kama chuma kinaweza kuchunguzwa hivyo, kwa nini tumbo lisiweze?

Mwezi Julai 1955 akapakia kwenye buti za magari mawili uvimbe uliotolewa kwa wagonjwa katika upasuaji, akaenda nao kwenye kiwanda cha Babcock & Wilcox huko Renfrew. Mafundi walimletea pande kubwa la nyama ya ng'ombe ili alinganishe. (Sijui waliipika baadaye. Ningekuwa mimi, nisingeila.) Mashine ikatofautisha uvimbe wa maji na uvimbe mgumu. Kijana fundi aitwaye Tom Brown, wa kampuni ya Kelvin & Hughes, akasikia habari hizo, akampigia profesa simu, na kuanzia hapo wakafanya kazi pamoja. Tarehe 7 Juni 1958, Donald, Brown na daktari mwenzao John MacVicar walichapisha matokeo yao katika jarida la Lancet. Kabla ya hapo walikuwa wamemwokoa mwanamke mmoja aliyekwisha kuambiwa ana saratani isiyo na tiba. Mwangwi ukaonyesha ni uvimbe wa maji wa kokwa la uzazi, ukatolewa, akapona.

Picha za mwanzo zilikuwa vidoa tu. Lakini mwaka 1972 Stuart Campbell, aliyewahi kufanya kazi na Donald kule Glasgow, alitangaza kwamba ameona katika mimba ya wiki 17 mtoto ambaye fuvu lake halikuumbika. Mtoto wa namna hiyo hawezi kuishi. Mimba ile ilikatishwa. Miaka mitatu baadaye akaonyesha mgongo wazi. Kisha mwaka 1992, Kypros Nicolaides, daktari mzaliwa wa Cyprus afanyaye kazi London, alieleza pamoja na wenzake kwamba kati ya wiki ya 10 na ya 14 kuna maji kidogo nyuma ya shingo ya mtoto, na kwamba maji hayo yakizidi unene fulani ni dalili kuwa mtoto anaweza kuwa na ugonjwa wa Down au kasoro ya moyo. Angalia, nasema anaweza. Kipimo hicho hakitoi hukumu. Kinatoa uwezekano, na baada yake huja vipimo vingine. Toka hapo katika nchi tajiri upimaji wa miezi mitatu ya kwanza ukawa jambo la kawaida kwa kila mjamzito.

Hapa, msikilizaji, nakuomba usikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo swali la bibi wa Kanazi linapopata kina chake.

Uingereza ilipitisha sheria ya kuruhusu kutoa mimba mwaka 1967, na sababu mojawapo inayokubaliwa katika sheria hiyo ni hatari kubwa ya mtoto kuzaliwa na ulemavu mzito. Campbell alipoona kile alichokiona mwaka 1972, sheria ilikwisha kuwapo. Mzazi wa London aliyepewa habari mbaya alikuwa na njia mbili mbele yake, kuendelea au kutoendelea, na katika kila njia kulikuwa na wodi, daktari na fedha ya serikali. Jambo la ajabu ni kwamba Ian Donald mwenyewe, mcha Mungu, aliipinga sheria hiyo kwa nguvu zake zote, na aliwaonyesha watu picha za mashine yake ili waone kwamba kilichomo tumboni kinacheza na kurukaruka. Alikufa mwaka 1987 akiwa ameona chombo chake kikitumika kwa kazi ambayo hakukiundia.

Kwetu mashine ilikuja peke yake. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, tuliyoirithi kwa wakoloni na iliyoanza kutumika mwaka 1945, inahesabu kutoa mimba kuwa kosa la jinai, isipokuwa pale inapobidi kuokoa maisha ya mama. Sitaki leo kuingia katika ugomvi wa sheria hiyo; una kipindi chake na una wazungumzaji wake. Nasema tu kwamba uamuzi ambao kipimo hiki kiliandaliwa kuusaidia huko kilikozaliwa, sehemu yake kubwa haipo mezani kwetu. Basi ni haki kuuliza kipimo hicho hapa kina kazi gani.

Na watu wa Kagera tunaliuliza swali hilo kwa uzoefu ambao wengine hawana. Wagonjwa wa kwanza wa ukimwi kuripotiwa Tanzania waliripotiwa katika mkoa huu mwaka 1983. Tuliuita Juliana, kwa jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda. Mwaka 1987 watafiti walipima damu, wakakuta kwamba mjini Bukoba karibu mtu mmoja kati ya wanne wa umri wa miaka 15 hadi 54 alikuwa na virusi. Kipimo kilikuwapo. Dawa haikuwapo. Mpango wa taifa wa kugawa dawa za kurefusha maisha ulianza mwaka 2004. Hesabu mwenyewe hiyo ni miaka mingapi ya watu kupewa jibu na kurudi nalo nyumbani kulitazama. Nilikuwa kijana wakati huo, na ninakumbuka majirani waliokataa kwenda kupimwa. Watu wa mjini waliwaita wajinga. Hawakuwa wajinga hata kidogo. Waliuliza tu, kama bibi wa Kanazi, nikishajua nitafanya nini? Dawa zilipofika, watu walewale walipanga foleni tangu alfajiri.

Kwa hiyo mimi siwalaumu akina mama wanaochelewa kliniki. Takwimu za taifa za mwaka 2022 zinaonyesha kwamba ni karibu theluthi moja tu ya wajawazito waliokwenda kliniki mara ya kwanza ndani ya miezi mitatu ya mwanzo. Na hayo ni maendeleo. Katika takwimu za mwaka 2015 na 2016 walikuwa robo. Mimba changa kwetu haitangazwi, maana mdomo wa watu haujulikani. Kuna nauli. Kuna kuambiwa urudi na mume wako, na mume yuko kisiwani anavua. Mama anayefika mwezi wa tano au wa sita, kipimo cha maji ya shingo kilikwisha kumpita zamani.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2016 kwamba kila mjamzito apigwe utrasaundi angalau mara moja kabla ya wiki ya 24. Ni ushauri mzuri. Picha hiyo inaeleza mimba ina umri gani, kama iko ndani ya mfuko wa uzazi au imetunga nje, kama wanaokuja ni mapacha ili akina Ishengoma na Kato wasimkute mkunga hajajiandaa. Lakini kutafuta kasoro ni kazi nyingine. Mashine ndogo ya mkononi na mhudumu aliyefunzwa wiki chache wataona mapigo ya moyo na idadi ya watoto. Kuona moyo una vyumba vinne, uti wa mgongo umefunga hadi chini, figo ziko mbili, kunahitaji mashine nzuri, jicho lililozoea na muda. Mhudumu mwenye foleni ya wanawake arobaini nje ya mlango hana muda huo. Na jicho lisilozoea hukosea kwa namna mbili: huona ugonjwa usiopo na mama akakosa usingizi miezi minne bure, au huliona tumbo kuwa salama kumbe si salama.

Kuna jaribio moja kubwa ambalo wanaopenda kugawa mashine wangepaswa kulisoma kabla ya kukata utepe. Kati ya mwaka 2014 na 2016, watafiti walipeleka utrasaundi katika vituo vya vijijini vya Kenya, Kongo, Zambia, Pakistan na Guatemala. Walifunza wakunga na wauguzi, wakapima akina mama mara mbili katika mimba, na wale waliogundulika kuwa na tatizo wakaandikiwa kwenda hospitali. Kisha wakalinganisha maeneo hayo na mengine yasiyo na mashine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: vifo vya akina mama na watoto havikupungua, na wala waliojifungulia hospitali hawakuongezeka kuliko kule kwingine. Mashine zilifanya kazi yake. Lakini mwangwi haubebi mgonjwa mgongoni ukampeleka hospitali, na hospitali isiyo na damu wala mpasuaji haiwi na damu kwa sababu mgonjwa amefika na picha.

Msinielewe vibaya, wasikilizaji. Sisemi picha haina maana. Yapo magonjwa ambayo kujua mapema ndiko kunakotenganisha uhai na kifo. Chukua mtoto anayezaliwa utumbo ukiwa nje, tumbo halikufunga karibu na kitovu. Katika nchi tajiri mtoto huyo karibu daima hupona, maana anazaliwa mlango wa pili na chumba cha upasuaji. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba katika nchi maskini kabisa watoto tisa kati ya kumi wa namna hiyo walikufa. Ugonjwa ni uleule. Au chukua mgongo wazi: kidonda kile kinatakiwa kufungwa katika siku mbili tatu za mwanzo kabla wadudu hawajaingia kwenye ubongo. Mtoto aliyezaliwa Dar es Salaam karibu na Taasisi ya Mifupa Muhimbili ana nafasi. Mtoto aliyezaliwa nyumbani Kanazi, zaidi ya kilomita 1,300 kutoka Muhimbili, nafasi yake ni mama yake kuwa amekwisha kujua na kuwa amekwisha kusafiri.

Jirani zaidi tuna Bugando, Mwanza, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971. Na ukivuka Mutukula ukapita Kampala, kuna Mbale, mashariki ya Uganda, ambako mwaka 2001 ilifunguliwa hospitali ya CURE ya watoto wenye vichwa maji na mgongo wazi. Daktari Mmarekani, Benjamin Warf, alianzisha pale njia ya kutibu kichwa maji bila kuweka mpira wa kudumu, kwa kutoboa njia ya maji ndani ya ubongo wenyewe, kwa sababu aliona kwamba mpira ukiziba kijijini hakuna wa kuuzibua. Siku hizi njia hiyo inafundishwa hata Marekani. Naitaja kwa fahari, maana mara chache elimu hupanda ndege kutoka Mbale kwenda Boston.

Lakini Warf aligundua na jambo jingine, linalotuhusu zaidi. Zaidi ya nusu ya watoto wa kichwa maji aliowapokea hawakuzaliwa nao. Waliupata baada ya kuzaliwa, kwa maambukizi ya ubongo katika wiki za mwanzo za maisha. Hakuna picha ya tumboni ambayo ingewaona. Waliohitaji kuonekana ni kitovu kilichokatwa kwa wembe mchafu na homa ya siku ya tano iliyodhaniwa ni mchango.

Na kaswende je? Wazee wa Buhaya wanajua jinsi magonjwa ya zinaa yalivyotesa uzazi wa nchi hii zama za ukoloni, mimba zikaharibika na nyumba zikakosa watoto. Tunadhani yamekwisha. Utafiti uliofanyika Mwanza na kuchapishwa mwaka 2002 ulikuta kwamba kati ya wajawazito wenye kaswende kali ambao hawakupimwa wala kutibiwa, mmoja kati ya wanne alizaa mtoto mfu. Waliochomwa sindano moja ya penisilini walizaa salama kama wale wasio na ugonjwa. Sindano moja! Hakuna anayekatia utepe sindano ya penisilini, na hakuna mbunge anayepiga nayo picha.

Sasa nirudi kwenye mgongo wazi, kwa sababu ndio uliokuwa kwenye bahasha ile. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga katika wiki nne za mwanzo tangu mimba kutunga. Wakati huo mama mwenyewe mara nyingi hajajua kwamba amebeba. Mwaka 1991 Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza lilitangaza matokeo ya jaribio lake: wanawake waliokwisha kuzaa mtoto wa namna hiyo walipewa vidonge vya foliki, miligramu 4 kwa siku, kabla ya kushika mimba nyingine, na ugonjwa ukapungua kwa asilimia 72. Foliki ni vitamini, haina siri. Imo kwenye maharage na mboga za majani, ingawa nyingine hupotea jikoni. Vidonge vya kliniki vya kuongeza damu vinayo, lakini mama anayevipata mwezi wa tano anavipata mgongo wa mtoto ukiwa umekwisha kufunga au umekwisha kushindwa kufunga.

Ndiyo maana nchi nyingi ziliamua kuitia foliki kwenye unga, ili kila mwanamke ale hata kama hajapanga kuzaa. Tanzania nayo ilitunga kanuni hizo mwaka 2011, kwa unga wa ngano na wa mahindi unaotoka viwandani. Ni jambo jema kwa Dar es Salaam inayokula ugali na chapati. Lakini nani aliyewaza juu ya Kanazi? Sisi tunakula ndizi. Ndizi haipiti kiwandani. Inatoka shambani kwenda chunguni. Foliki ya serikali inapita barabarani katika magunia ya unga, na mama wa Kihaya anaipungia mkono akiwa kwenye mgomba wake.

Mwaka huu nilipita tena Kanazi, safari hii si kwa msiba. Bibi nilimkuta sokoni, ameketi nyuma ya mafungu yake ya nyanya chungu. Alinitambua kabla sijamtambua. Yule mjukuu wake, akaniambia, walimpeleka Mwanza kwa basi mimba ikiwa ya miezi 8, baada ya ukoo kuchanga na shamba la mibuni kukodishwa. Alikaa kwa shangazi hadi siku ya kujifungua. Mtoto alizaliwa kwa upasuaji, akafungwa mgongo siku ya pili, akawekewa mpira wa kutoa maji kichwani, unaopita chini ya ngozi nyuma ya sikio. Ni msichana. Anakaa, anacheka, anatambua watu. Miguu haina nguvu. Kila safari ya kumrudisha kwa daktari wake ni mbuzi mmoja.

"Bila ile karatasi angezaliwa hapa, tungemzika," bibi alisema, bila kujaliza machozi wala kuongeza chumvi, huku akimrudishia mteja chenji.

Nikamwuliza habari za mama wa mtoto. Hajambo, akasema, na mume wake sasa anataka mtoto mwingine, wamekwisha kuzungumza. Nikauliza kama huko hospitali kuna aliyemwambia ameze vidonge vya foliki kabla ya kushika mimba hiyo ya pili, vile vya nguvu wanavyopewa waliokwisha kupata mtoto wa mgongo wazi.

"Vidonge gani, waitu?"

Bahasha ya kaki alikuwa nayo, imekunjwa ndani ya kikapu pamoja na kadi ya kliniki ya mtoto, haachani nayo. Niliazima kalamu kwa muuza vocha, nikaandika nyuma yake kwa herufi kubwa jina la dawa na kipimo cha kumwuliza daktari, na chini yake nikaandika: KABLA YA MIMBA. Bibi akaniomba nimsomee mara mbili, kisha akaikunja akairudisha kikapuni.